Ndoo ya Zabibu Ndani ya Buti

MAZENGO: Leo tunazungumzia kampuni changa, zile zinazoanzia sokoni na zile zinazoanzia kwenye teknolojia. Kabla sijakaribisha mtu yeyote, naomba wasikilizaji wafahamu kwamba dada Neema amekuja studio kwa bodaboda, ingawa nilimpitia nyumbani kwake, kwa sababu amekataa kupanda gari langu.

NEEMA: Gari lako linanuka pombe, kaka Mazengo, nami jioni nina mazoezi ya kwaya. Waeleze ilikuwaje.

MAZENGO: Jumamosi nilikwenda Hombolo, kwenye shamba la zabibu, kumshuhudia kijana mmoja aliyemaliza chuo akionyesha kifaa alichokibuni, ambacho hubanwa kwenye simu, kikaimulika punje ya zabibu na kutaja kiasi cha sukari bila kuikamua. Kilifanya kazi vizuri mno. Alipomaliza, bibi mwenye shamba alichuma punje moja, akaitafuna taratibu, akasema mstari ule bado siku nne, kisha akamwuliza: "Mjukuu wangu, hicho kidude kikishasema zimeiva, nani atakuja kuzinunua?" Kijana alikosa jibu. Mimi nikapewa ndoo ya lita 20 iliyojaa zabibu, nikaiweka kwenye buti, nikaisahau hadi Jumatatu.

NEEMA: Jua la Dodoma halikuisahau.

MAZENGO: Swali la bibi ndilo linalotenganisha aina mbili za kampuni changa tangu siku ya kuzaliwa kwake. Anayeanzia sokoni humjua mteja kabla ya kuijua bidhaa: ameshinda kwenye soko la mahindi la Kibaigwa miaka kadhaa akiona wapi mahindi yanakwama na nani analalamika, kwa hiyo anaweza kuanza na daftari na simu ya tochi, akauza leo na kurekebisha kesho. Anayeanzia kwenye teknolojia huja na kitu kinachofanya kazi, na mara nyingi huja akiwa na wataalamu wenzake badala ya wafanyabiashara. Jambo la kwanza analohangaikia ni kama kitafanya kazi nje ya maabara, la pili ni hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki ubunifu wake, na mnunuzi anafikiriwa fedha zikiwa zimeanza kuisha.

NEEMA: Hapo unamwonea. Kijana hakukosea kifaa, amekosea mlango. Bibi ana ulimi wake na hahitaji kipimo. Anayehitaji kujua sukari bila kubishana ni msindikaji wa mvinyo anayepokea mzigo kutoka kwa wakulima wengi. Kampuni inayoanzia kwenye teknolojia inaruhusiwa kugonga milango kadhaa, kwa sababu kitu kimoja kinaweza kufaa masoko ambayo mwanzilishi hajawahi kuyaona.

MAZENGO: Angeanzia sokoni asingegonga mlango usiohusika. Angejua kwamba kinachomtesa bibi ni zabibu za wote kuiva kwa pamoja, mara mbili kwa mwaka, wakati mnunuzi anachelewa na tunda halingoji. Ndoo yangu ni ushahidi wa siku mbili tu.

NEEMA: Ndoo yako ni kampuni ya teknolojia kabisa! Uchachushaji umefanikiwa, bidhaa ipo, mteja hayupo.

MAZENGO: Mteja yupo. Kijana anayeniosheaga gari pale Area C alifungua buti, akanusa, akaniuliza nauza shilingi ngapi.

NEEMA: Basi umejifunga mwenyewe, kwa maana mteja amejitokeza baada ya bidhaa, na wewe hukumtafiti.

MAZENGO: Aliuliza kwa sababu kiu yake ilikuwepo kabla ya ndoo yangu.

NEEMA: Kiu ya mchuzi wa zabibu uliolala kwenye buti? Hakuna utafiti wa soko ambao ungeigundua. Tuiache ndoo kidogo, tuitazame Genentech, kampuni ya dawa ya Marekani. Mbinu ya kuunganisha jeni, ambayo mwanasayansi Herbert Boyer aliifanyia kazi na mwenzake Stanley Cohen, ilikuwepo tangu 1973. Robert Swanson, mtu wa mitaji, akamfuata Boyer wakaanzisha kampuni mwaka 1976. Mwaka 1978 bakteria wakatengeneza insulini ya binadamu, na dawa ikaidhinishwa huko mwaka 1982. Hiyo ni miaka sita tangu kampuni ianzishwe, na muuza mahindi wako asingeivumilia.

MAZENGO: Lakini wagonjwa wa kisukari walikuwa tayari wanatumia insulini ya nguruwe na ng'ombe, na kuilipia. Soko lilikuwepo, kilichokosekana ni njia bora ya kulihudumia. Kwangu hiyo imeanzia sokoni.

NEEMA: Boyer hakuwa anatafuta wagonjwa wa kisukari! Mbinu ilitangulia, insulini ikachaguliwa baadaye.

MAZENGO: Na aliyeichagua alitazama nani analipa. Hata M-Pesa ilijaribiwa Kenya kama njia ya kurejesha mikopo midogo, watumiaji wakaigeuza ya kutumiana fedha, na ilipozinduliwa mwaka 2007 ikaja na sura waliyoipa wao.

NEEMA: Waligeuza kitu ambacho kilikuwa kimeshatengenezwa, kaka. Tena hiyo ilizaliwa ndani ya kampuni kubwa, haikuwa kampuni changa, kwa hiyo siihesabu. Sikubali.

MAZENGO: Nami sikubali.

NEEMA: Fundi mitambo ananyoosha vidole viwili, zimebaki dakika mbili. Tulikuwa tumeahidi mambo matano kwa anayetaka kuanzisha kampuni yake, na karatasi iko mkononi mwangu.

MAZENGO: Soma la kwanza.

NEEMA: La kwanza linasema "jua unaanzia wapi," na ndilo tulilogombania dakika zote hizi. Naikunja. Kijana wa Hombolo akitusikia, aende kwa wasindikaji.

MAZENGO: Arudi kwa bibi kwanza. Nikupeleke kwaya?

NEEMA: Bodaboda ananisubiri getini.

MAZENGO: Haya, napitia Area C peke yangu. Yule kijana alisema atakuja na chupa zake.