Toa etha mezani: kukoleza choo kwa ethili asetati

Karibu, mtaalamu wa maabara. Kama bado unakoleza choo, yaani kukusanya mayai ya minyoo yaliyomo, kwa formalini (maji yenye formaldehidi) na etha, ile njia ya Ritchie ya mwaka 1948, leo tunabadilisha kimiminika kimoja tu: penye etha, weka ethili asetati. Ubadilishaji huu ulichapishwa tangu 1979, na kipimo ni kilekile, mililita 3.

Etha huchemka kwenye nyuzi 34.6. Mchana wa Januari Dar es Salaam au Mombasa, chupa iliyo wazi imebakiza kidogo tu ichemke yenyewe. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa juu ya meza hadi ukutane na taa ya spiriti, na moto ukarudi hadi kwenye chupa. Friji ya kawaida nayo si salama, maana cheche ya swichi yake ya ndani inatosha kulipua. Na chupa iliyofunguliwa siku nyingi hujenga peroksaidi, kemikali inayoweza kulipuka. Ukiona fuwele kwenye kizibo au shingo, usiiguse chupa hiyo kabisa. Ondoa watu, mwite msimamizi wa usalama.

Ethili asetati huchemka kwenye nyuzi 77. Hata hivyo inashika moto haraka, kwa hiyo zima taa zote za spiriti na fungua madirisha. Formalini bado ni sumu na husababisha saratani: glavu, miwani, na kazi ifanyike ndani ya kabati la kuvuta hewa kama lipo.

Sasa tazama tyubu hizi mbili. Hii ngumu inayong'aa kama kioo ni ya polistirini; ethili asetati itaifanya ukungu, kisha ipasuke ikiwa inazunguka. Tumia hii yenye weupe wa maziwa, ya polipropilini, au ya kioo. Na usinunue dawa ya kutolea rangi ya kucha ukidhani ni kitu kilekile. Nyingi zina asetoni, ambayo huchanganyika na formalini, na tabaka hazitajitenga.

Chukua choo gramu 1, kama punje ya harage. Kivuruge kwenye mililita 7 za formalini ya asilimia 10, chuja kwa shashi mbichi ya tabaka mbili, mimina kwenye tyubu ya mililita 15 yenye ncha. Kama imepungua, jazia formalini hadi alama ya 7. Ongeza ethili asetati mililita 3, funga, tikisa kwa nguvu sekunde 30. Shinikizo hujaa ndani, kwa hiyo legeza kizibo polepole, mdomo wa tyubu ukiwa mbali na uso.

Zungusha dakika 10 kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha tyubu, kwa nguvu ya 500 g, yaani mara 500 ya mvutano wa dunia. Mashine yenye nusu kipenyo cha sentimita 15 iweke mizunguko 1,730 kwa dakika.

Utaona tabaka nne: ethili asetati juu, kizibo cha uchafu, formalini, na mashapo chini. Pitisha kijiti kuzunguka kizibo hicho cha uchafu hadi kiachane na ukuta, kisha mimina vyote vya juu kwa mkupuo mmoja kwenye chupa ya taka yenye lebo. Si kwenye sinki, na usichanganye na jiki.

Hapa ndipo wengi hukosea. Tyubu ikiwa bado imeinama, futa kuta zake za ndani kwa kijiti chenye pamba. Ukiacha, ethili asetati itateremka kwenye mashapo, na kwenye slaidi utaona matone ya duara yanayofunika mayai, mengine yakifanana na sisti, vifuko vya vimelea. Hitilafu hiyo ndiyo huwafanya watu warudi kwenye etha, na pamba moja ingetosha.

Kabla ya kuacha etha kabisa, gawa sampuli 20 zilezile, pima kwa njia zote mbili. Ethili asetati ikitoa mayai machache, kagua kwanza kasi ya mashine na muda wa kutikisa.