Funguo Anashika Nani?

Asanteni sana. Mkuu wa chuo amenisifu mno, hata nimeona aibu, maana nimekuja kuwasimulia kosa. Si kosa la mtu mwingine, ni langu. Ninyi mnasomea umeme, na wengi wenu mtaangukia kwenye miradi ya vijijini. Nisingependa mlirudie.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika timu iliyojenga mtambo wa umeme wa jua kwenye kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria. Gridi ndogo ya kijiji: paneli, betri, inveta ndani ya kontena, nguzo za miti, waya mpaka mlangoni kwa mtu. Kazi yangu ilikuwa dodoso. Nipite nyumba kwa nyumba nijue watu watatumia umeme kiasi gani, ili mtambo usije ukawa mdogo wakalalamika, wala mkubwa ukatufilisi. Fomu niliitunga mwenyewe, usiku, nikiwa gesti Mwanza. Mstari wa kwanza kabisa niliandika: "Jina la mkuu wa kaya." Sikufikiri mara mbili. Ndivyo fomu zote nilizowahi kuziona zilivyoanza.

Sasa hebu twendeni kisiwani. Kule dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika. Mitumbwi inarudi alfajiri, na pale ufukweni ndipo kazi inapobadilisha mikono. Mwanamume anauza dagaa wabichi kwa ndoo, anaenda kulala. Anayenunua ni mwanamke. Anawabeba kichwani, maji yakimchuruzika mgongoni, anawamwaga mchangani au kwenye vichanja, anawatandaza kwa viganja mpaka kila dagaa akae peke yake. Halafu siku nzima shingo yake iko juu, anaangalia wingu. Mvua ikimkuta dagaa hawajakauka, wanaoza, na mzigo wa chakula cha watu unauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Niliwahi kuona mama amesimama mvuani na turubai mkononi, hakimbii tena. Ameshachelewa.

Mimi na fomu yangu tulikuwa tunafika alasiri, kwa sababu tuliambiwa asubuhi "wenye nyumba wamelala". Alasiri wenye nyumba wameamka, wanakunywa chai. Wake zao wako ufukweni wanakusanya dagaa kabla ya umande. Nikauliza: mkipata umeme mtautumia kwa nini? Nikajibiwa vizuri kabisa: taa, redio, televisheni, kuchaji simu, kuchaji betri za taa za kuvulia. Nikaandika. Nyumba baada ya nyumba, hakuna aliyetaja dagaa wa kukausha wala samaki wa kugandisha. Msiwalaumu. Habari ya mvuvi na dagaa huishia ufukweni. Niliyepaswa kumuuliza hakuwepo, na sikumfuata.

Tulijenga kufuata dodoso. Mwezi wa tatu tu mtambo ulianza kutusuta. Nichore hapa ubaoni. Huu mstari ni umeme ambao paneli zinazalisha: unapanda asubuhi, saa sita mchana uko kileleni, saa kumi na mbili jioni umekwisha. Na huu ni umeme ambao watu wanautumia: mchana uko chini, umelala, kisha saa moja jioni unaruka juu, taa na televisheni, mpaka saa nne. Mnaona? Vilima viwili havikutani. Umeme wa saa sita, tukishajaza betri, ulikuwa hauna mtu. Wa saa mbili usiku wote ulipita kwenye betri, na kwenye mtambo wa namna ile betri ndizo zinazokula pesa, na ndizo zinazochakaa mapema.

Ni nani kisiwani anafanya kazi mchana? Anayeanika dagaa, anayesaga muhogo, anayeshona, anayesuka, anayeuza juisi. Vikaushio vyenye feni, mashine ya kusaga, friji la kugandishia, cherehani, vyote ni vya mchana. Tungekuwa tumewauliza wanawake, kilima cha pili kingesogea kikae chini ya kile cha kwanza. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba habari za jinsia ni mambo ya wafadhili, ya kuwekwa kwenye ukurasa wa mwisho wa andiko ili pesa itoke, mwonyeshe mchoro huu. Mhandisi aliyewasahau wanawake amekosea hesabu. Mimi nilikosea hesabu.

Haya, utasema, kamati ya kijiji je? Ilikuwepo. Wajumbe sita, wanawake watatu, nusu kwa nusu. Niliandika ripoti kwa fahari. Mwaka uliofuata nikarudi nikamuuliza mmoja wa wale watatu, mweka hazina, mama mtu mzima mwenye maneno machache: mlipandishaje bei ya uniti? Akasema, "Nilisikia imepanda." Kumbe kitabu kilikuwa kwa katibu, pesa kwenye simu ya mwenyekiti, na funguo za kontena kwenye mfuko wa mwenyekiti huyohuyo. Mama yule alikuwa na cheo na sahihi. Nchi hii tunapenda sana kumpa mwanamke uweka hazina, eti mwanamke hali pesa. Na ni kweli hakula, kwa sababu hakuwahi kuziona.

Jambo la kuudhi ni kwamba mama huyohuyo, Jumamosi, alikuwa kwenye VICOBA, kikundi cha kijiji cha kuweka na kukopa. Mnalijua sanduku la VICOBA: chuma, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na halifunguliwi mpaka wanachama wamekaa. Tuliajiri mtaalamu wa utawala bora kutoka mbali na dawa ilikuwa chini ya mti, umbali wa hatua mia kutoka kwenye kontena letu.

Nchi nyingine walishaona hili kabla yetu. Nepal, kwenye mpango wao wa nishati vijijini ulioanza 1996, mitambo midogo ya maji ya milimani, waliweka sharti kwamba kila nyumba itoe watu wawili, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, na kila upande uwe na kikundi chake. Wanawake wakakaa peke yao kwanza, wakasema, ndipo mambo yakaletwa pamoja. Napenda ile ya kukaa peke yao kwanza. Mmehudhuria mikutano ya vijiji, mnajua: wanaume kwenye mabenchi mbele, kina mama wamekaa chini pembeni kwenye kanga, na mkutano umeitishwa saa ambayo mtoto analia na chungu kiko jikoni. Ukiuliza "kina mama mna la kusema?" watasema hapana. Wafuate kisimani uone.

Msinielewe vibaya mkadhani umeme ukifika tu mambo yanajinyoosha. Kuna utafiti ulifanyika KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, kwenye vijiji vilivyounganishwa na umeme baada ya ubaguzi wa rangi kuisha, ukachapishwa 2011. Sehemu ya wanawake wenye ajira ilipanda kwa pointi tisa hivi za asilimia, kwa sababu umeme uliwatoa kwenye kuni na majiko. Watu hupenda kuishia hapo. Ukiendelea kusoma unakuta mshahara wa wanawake ulielekea kushuka, huku mapato ya wanaume yakipanda. Wanawake wengi waliingia sokoni kwa mpigo, na soko likawalipa kidogo. Kisiwani pia mama mmoja aliniambia jambo nililoliandika kwenye daftari langu: zamani giza likiingia alikuwa analala, siku hizi anachambua dagaa mpaka saa tano. Taa ilimwongezea zamu.

Upande wa ufundi. Nimehesabu wasichana humu ukumbini, naona hata kumi hawafiki, na mmekaa pamoja kama mmeogopa kuchanganyika. Shirika la kimataifa la nishati jadidifu, yaani ya jua, upepo, maji na kadhalika, IRENA, lilitoa hesabu 2019: wanawake ni asilimia 32 ya wafanyakazi wa nishati jadidifu duniani. Kwenye mafuta na gesi ni 22. Inaonekana afadhali, mpaka uulize wako wapi. Kwenye kazi za ofisini ni 45, kwenye kazi za kisayansi na kiufundi wanashuka mpaka 28.

Kule India, Tilonia, jimbo la Rajasthan, kuna chuo cha Barefoot College alichokianzisha Bunker Roy 1972. Wanachukua kina mama watu wazima wa vijijini, wengi wao hawajui kusoma, kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Wa Tanzania wamekwenda, Zanzibar ikiwemo. Miezi sita. Hawana lugha moja, wanafundishwa kwa rangi na kwa mikono: waya mwekundu hapa, kipingamizi (rezista) chenye mistari hii pale. Wanarudi wakijua kuunganisha taa za jua na kuzitengeneza. Kwa nini bibi na si kijana? Roy alilisema waziwazi: ukimpa kijana wa kiume cheti, ataondoka nacho kwenda mjini kutafuta kazi. Mcheke, lakini mafundi wetu wawili wa kisiwani, vijana wa kiume wote, waliondoka kabla mwaka haujaisha. Tulibaki tunampigia simu mmoja wao akiwa Kahama, anatuelekeza fyuzi iko wapi.

Nina wasiwasi mmoja tu na habari za bibi fundi. Alipwe. Nimeona miradi inayompenda mwanamke kwa sababu anavumilia, na inapanga bajeti juu ya uvumilivu wake: fundi wa kiume ana posho, fundi wa kike ana "moyo wa kujitolea".

Nigusie jiko, maana najua mtauliza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Mei 2024 kulikuwa na mkutano Paris kuhusu nishati safi ya kupikia barani Afrika, Rais Samia akiwa mmoja wa wenyeviti, zikaahidiwa dola bilioni 2.2. Mwezi huohuo sisi tukazindua mkakati wetu wa nishati safi ya kupikia: ifikapo 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia. Vizuri. Ila mkakati utakutana na hesabu ya nyumbani. Mtungi mdogo wa gesi ukiisha, kujaza ni zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo. Mkaa unauzwa kwa kopo, elfu moja, elfu mbili. Mama anayepewa pesa ya matumizi kila asubuhi hawezi kununua gesi hata kama kwa mwezi ni nafuu, kwa sababu yeye mwezi hapewi, anapewa siku. Na kuni hazina risiti. Baba hajui zinagharimu nini, kwa kuwa zinalipwa kwa mgongo wa mkewe na kwa saa za binti yake. Ukimwambia "gesi itakuokolea pesa", anauliza pesa gani? Ndiyo maana napenda mitungi yenye mita ya kulipia kidogo kidogo. Aliyeibuni alijua pesa ya jikoni inavyoingia.

Sasa nirudi kwenye ule mstari wa kwanza wa fomu.

Kulikuwa na mama mmoja pale kisiwani, muuza vitumbua na samaki wa kukaanga. Mumewe alihamia kambi nyingine ya uvuvi, akawa anaonekana mara moja kwa miezi. Mama akataka umeme. Karani wetu akamuuliza: mkuu wa kaya yuko wapi? Hayupo. Basi hatuwezi kukufungia mita. Akafanya kama wanavyofanya watu wenye akili wakikutana na fomu ya kijinga, akamleta shemeji yake, nyumba ya pili, akaandikwa yeye. Mita ikafungwa ukutani kwa mama. Uniti ananunua mama, kwa simu yake, kila baada ya siku mbili tatu, na kila ujumbe wa malipo unarudi na jina la shemeji.

Miaka miwili baadaye, tukiwa tumeshajifunza kuhusu ule mchoro ubaoni, tukaleta mkopo wa mafriji. Lengo lilikuwa hasa kina mama, ili watumie umeme wa mchana. Tukataka tuwe waangalifu, tukasema mkopo wapewe wateja wenye rekodi nzuri ya kulipa. Kompyuta ikatoa orodha. Namba mbili kwenye orodha alikuwa shemeji.

Nilimkuta yule mama mara ya mwisho nilipopita kule. Alikuwa na ndoo ya samaki, jua kali, amesimama dirishani kwa shemeji yake ananunua barafu. Akanisalimia vizuri tu, akanikaribisha vitumbua.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, wewe mwenye shati la kijani.