Aliyehama Chama na Shule Alizoziacha

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu na wanafunzi, Julai 2015 jina la Edward Lowassa lilikatwa hapa hapa Dodoma, katika vikao vya CCM vya kumtafuta mgombea urais, na kabla mwezi haujaisha alikuwa amejiunga na CHADEMA, chama cha upinzani. Mjadala wa uhamaji wake umetuchosha: waliomwita msaliti na waliomwita mwanamageuzi walibadilishana tu maneno aliporejea CCM Machi 2019. Naomba tumpime kwa elimu, maana ndilo jambo alilotoka nalo chama kimoja akaingia nalo kingine.

Akiwa Waziri Mkuu, kuanzia mwisho wa 2005 hadi alipojiuzulu Februari 2008, alisukuma ujenzi wa sekondari za kata. Wananchi walichangishwa, wakasomba mawe na mchanga, na watoto ambao wangeishia darasa la saba kwa kukosa nafasi wakaingia kidato cha kwanza. Hilo si jambo dogo, na wanaolibeza mara nyingi ni wale ambao watoto wao hawakulihitaji. Hata hivyo, darasa huweza kusimama kwa miezi michache, ilhali mwalimu huandaliwa kwa miaka. Vijana waliotoka kidato cha sita wakapewa mafunzo ya majuma machache na kupelekwa kufundisha walibandikwa jina la "vodafasta", yaani walimu wa chapuchapu, jina lililowaonea wao, kwa kuwa kasoro ilikuwa ya mpango wenyewe.

Mwaka 2015, akiungwa mkono na Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani, alitaja kipaumbele chake kuwa elimu, elimu, elimu, akaahidi isiyo na malipo hadi chuo kikuu. CCM nayo iliahidi kufuta ada hadi kidato cha nne, na Januari 2016 serikali ya Magufuli ikatekeleza. Kidato cha tano na sita vikafuata mwaka 2022. Sisemi kwamba Lowassa ndiye aliyeifuta ada. Nasema kwamba mgombea aliyepata kura zaidi ya milioni 6 kwa hoja hiyo aliifanya iwe vigumu kwa yeyote kuikwepa.

Ninachomlaumu ni kwamba, kwa gwanda la CHADEMA au kwa kijani cha CCM, alizungumzia zaidi mlango wa shule kuliko anayesimama ubaoni. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, sasa inataka elimu ya lazima iwe ya miaka 10, na wengi wa watoto hao, kuanzia Bahi hadi Kongwa hapa mkoani Dodoma, watapokelewa na shule zile zile za kata.