Birika halina kosa: volti, ampea na hesabu ya fundi

Haya wadogo zangu, huko nyuma mnanisikia? Spika inakoroma kidogo, tuvumiliane. Sianzi na fomula maana najua mkiona ubao umejaa herufi nusu yenu mtatoka kwenda kununua vocha, nianze na mama mmoja mtaani kwetu, nyumba yake ipo mwisho kabisa wa laini ya umeme ya mtaa, alinunua birika la umeme jipya, limeandikwa wati 2000, volti 230. Siku 3 tu akaniita kwa hasira, fundi, nimeuziwa feki, asubuhi linachemka vizuri, usiku nakaa mpaka usingizi unanipitia.

Nikaenda saa 2 usiku, muda ambao kila nyumba inapika na kupiga pasi. Kwenye soketi multimita ikasoma volti 180 birika likiwa linachemsha. Halafu nikatoa klampu mita, ile inayobana waya kwa nje, nikapima ampea, yaani mkondo unaopita. Hapa kuna kitu wengi mnakosea, klampu inakamata waya mmoja tu, ukikamata kebo nzima yenye laini na nyutro inasoma sifuri kwa sababu mkondo unaoenda na unaorudi unafutana, kuna kijana nilikuwa naye akaniambia bro mita yako mbovu, kumbe kakamata zote. Mimi nina ekstensheni fupi nimeichana ganda la nje, laini nimeitenga pembeni na ganda lake la ndani zima, hiyo ndo naikamata. Ikasoma ampea 6.8.

Sasa tuhesabu pamoja, toeni simu. Volti mara ampea unapata wati: 180 mara 6.8 ni 1,224. Mama akasema si nilikwambia, limeandikwa 2000! Nikamwambia subiri mama, bado hesabu moja. Volti gawanya kwa ampea unapata omu, yaani rezistansi, kitabuni wanaita ukinzani: 180 gawanya kwa 6.8 ni kama omu 26.5. Sasa rudi kwenye kibandiko cha chini ya birika. Wati 2000 gawanya kwa volti 230 ni ampea 8.7, na 230 gawanya kwa 8.7 ni omu 26.4. Umeona? Omu ni zile zile! Koili, ule waya wa ndani unaopasha maji, ni nzima, birika ni halali, kilichopungua ni volti ya mtaa.

Na angalieni inavyopungua, maana hapa ndo utamu ulipo. Volti zimeshuka kama asilimia 22 lakini wati zimeshuka karibu asilimia 39. Kwa nini? Kwa sababu volti ikishuka inashuka na ampea, na wati ni hizo mbili zikizidishwa, kwaiyo unapigwa mara mbili. Ndo maana lita moja na nusu iliyokuwa inachemka kwa dakika 4 hivi inafika 6 na nusu.

Aliyeliweka wazi hili jambo la volti, ampea na omu ni Mjerumani, Georg Ohm, alichapisha mwaka 1827, na baba yake alikuwa fundi makufuli, kwaiyo msidharau ufundi jamani.

Onyo moja. Hesabu hii ya omu inakaa sawa kwa koili za birika, pasi, hita. Balbu ya zamani ile ya waya usiipime ikiwa baridi, ya wati 100 ikiwaka ina omu 529, ikiwa imezimwa multimita inakuonyesha 40 hivi, utadhani imepiga shoti. Na friji yenye mota ukizidisha volti na ampea hupati wati kamili, hiyo tutaongea siku nyingine.

Turudi kwa mama maana nilikuta kitu kibaya kuliko volti. Plagi ilikuwa ya moto, na kwenye soketi kuna doa la kahawia. Skrubu imelegea. Chukulieni hiyo skrubu iliyolegea ina nusu omu tu, na volti asubuhi zimekaa 230, zinapita ampea 8.5. Joto la pale ni ampea mara ampea mara omu: 8.5 mara 8.5 mara 0.5, wati 36! Hiyo ni pasi ya kulehemu redio, umeifungia ndani ya plastiki, kwenye ukuta, nyuma ya pazia. Na fyuzi ya ampea 13 haikati ng'o, fyuzi inaangalia ampea tu na ampea ziko chini ya kawaida, yenyewe inaona mambo shwari. Nikabadili soketi usiku ule ule.

Ndiyo, dada hapo mbele? Eeh, anauliza volti ndogo inakula LUKU zaidi? Kwa birika hapana, wati chache kwa dakika nyingi, yuniti zinakuja karibu sawa, zinazidi kidogo tu kwa joto linalopotea wakati unasubiri.

Haya, pasi hii hapa mezani nimeipima mbele yenu, volti 225, ampea 4.2. Nataka omu na wati kabla chai haijafika, na kikotoo kiwe chako, sio cha jirani.