Umeongeza RAM, Kompyuta Haiwaki: Tuanzie Wapi?

Asanteni kwa kufika, ndugu zangu, mafundi na msio mafundi. Hali ninayotaka tuizungumze wengi wenu mnaifahamu. Mtu amenunua RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, akafungua kasha la kompyuta, akaichomeka, akabonyeza kitufe cha kuwasha. Feni zinazunguka, taa zinawaka, ila skrini ni nyeusi tititi. Basi anachomoa hiki, anasogeza kile, anabadili waya, anafungua na kufunga, na baada ya nusu saa mashine ina hitilafu tatu badala ya moja, na mwenyewe hakumbuki alianza na ipi.

Ninachowaombeni leo mkishike ni hiki: kompyuta iliyogoma baada ya kuongezewa RAM mara nyingi haijafa, na mara nyingi itaonyesha yenyewe inapoumwa, mradi aliyeshika bisibisi abadili jambo moja, aangalie matokeo, ndipo aende kwenye jambo la pili.

Kwanza tuelewe kwa nini skrini inakuwa nyeusi. Ukibonyeza kitufe, prosesa huanza kutekeleza programu ya BIOS iliyohifadhiwa kwenye chipu ya ubao mama. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo kabisa ni kuitafuta RAM. Kila kipande cha RAM kina chipu ndogo iliyoandikwa ukubwa wake na kasi zake. BIOS huisoma, kisha huiandaa RAM ifanye kazi. Picha huja baadaye. Kwa hiyo RAM ikikataa, hakuna ujumbe wa kosa utakaouona, maana hata mahali pa kuuandalia ujumbe huo hapajapatikana. Ndiyo sababu watu hulaumu skrini, wakaenda kuazima nyingine, nayo ikawa nyeusi vilevile.

Lakini mashine haijanyamaza kabisa. Nyingine hulia kupitia spika ndogo, na idadi ya milio ina maana yake. Maana hiyo hutofautiana kulingana na aliyetengeneza BIOS, hivyo msikariri jedwali moja mkadhani linatosha kwa zote. Fungueni kitabu cha ubao wenu. Mbao nyingi za siku hizi zina taa nne ndogo pembeni, zimeandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Ikibaki inawaka ya DRAM, tatizo lipo kwenye RAM. Ikibaki ya VGA, huenda mkono wako uliisukuma kadi ya picha wakati unachomeka. Ikibaki ya BOOT, angalia waya wa diski. Hizo mbili za mwisho nazisisitiza kwa sababu watu huendelea kuitesa RAM mpya isiyo na kosa lolote, kumbe waya ulilegea walipokuwa wanaingiza mkono.

Sasa, kabla hujagusa chochote, subiri. Nasema hivi kwa uzito hasa kwa wenye mashine za DDR5, kizazi cha RAM kilichofuata DDR3 na DDR4. Ukiweka RAM mpya, prosesa na RAM hupimana kwanza, kama waimbaji wawili wanaotafuta sauti ya kuanzia pamoja: volti kiasi gani, ishara ifike kwa kuchelewa kiasi gani, katika kila njia. Kazi hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa, hasa RAM ikiwa nyingi, na muda wote huo skrini ni nyeusi. Anayezima katikati huilazimisha mashine ianze upya, kisha huzima tena kwa kukosa subira, na anaamini kwamba haiwaki. Ipe mashine robo saa. Robo saa nzima, bila kugusa.

Ikipita robo saa na hali ni ileile, zima, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe. Kwenye kompyuta mpakato, chomoa na betri. Shika chuma cha kasha kabla ya kushika RAM, umeme tuli usije ukaunguza chipu.

Hapo rudisha mashine ilivyokuwa. Toa RAM mpya yote, acha ile ya zamani kwenye sloti zake zilezile. Hatua hii watu huiruka kwa sababu wanaona ni kurudi nyuma, ilhali hakuna hatua inayotoa habari nyingi kuliko hii. Ikiwaka, umejua kwamba ubao, prosesa, kadi ya picha na diski ni vizima, na tatizo limebaki kwa mgeni au kwa uhusiano wa mgeni na mwenyeji. Isipowaka, basi ulipokuwa ndani kuna kitu ulikigusa.

Tuseme imewaka. Toa ya zamani, weka kipande kimoja tu cha RAM mpya. Kwenye ubao wenye sloti nne, kwa kawaida kipande kimoja huwekwa kwenye sloti ya pili kutoka kwa prosesa, iliyoandikwa A2. Vipande viwili hukaa ya pili na ya nne. Kitabu cha ubao ndicho chenye neno la mwisho. Linganisha pengo la RAM na kizuizi cha sloti, kisha sukuma ncha zote mbili mpaka usikie vibanio vikifunga. Mbao zenye kibanio upande mmoja tu hudanganya sana: upande huo umefunga, ule mwingine umeinuka kidogo tu, jicho halioni. Kusema kweli, kesi nyingi huishia hapa. Meno ya RAM yakiwa machafu, wengi hutumia kifutio cha penseli. Mimi nashauri kitambaa kisichotoa nyuzi chenye spiriti ya isopropili, kwa kuwa kifutio huacha chembe na hukwangua ile rangi ya dhahabu kidogo kidogo.

Kuhusu aina sitakawia. DDR3 ya kompyuta ya mezani ina pini 240, DDR4 na DDR5 zina 288 kila moja, na pengo liko mahali tofauti, hivyo aina isiyofaa haiingii isipokuwa kwa nguvu. Ikikataa kuingia, usishindane nayo. Hatari zaidi ni ile inayoingia vizuri kabisa na isifanye kazi. RAM ya DDR4 ya seva, ile yenye chipu ya ziada iitwayo rejista, hukaa barabara kwenye sloti ya kompyuta ya kawaida na mashine haiwaki. Vilevile zipo kompyuta mpakato zinazotaka DDR3L ya volti 1.35, ukiipa DDR3 ya volti 1.5, inaingia, halafu kimya. Someni kibandiko kabla ya kulipa.

Sasa tuje kwenye lile linalowachanganya hata wazoefu: RAM mpya peke yake inawaka, ya zamani peke yake inawaka, zote mbili pamoja hazitaki. Jina na kasi ni zilezile, pengine hata mtengenezaji ni yuleyule. Lakini jina lilelile si hakikisho la chipu zilezile ndani. Watengenezaji hubadili chipu bila kubadili jina la bidhaa. Tena kasi iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni ya wasifu wa XMP au EXPO, yaani mipangilio iliyoandaliwa tayari inayoipeleka RAM juu ya kasi ya msingi, na ilithibitishwa kwa vile vipande vilivyouzwa pamoja. Ukiongeza viwili vingine, mzigo wa prosesa unakua, na kasi iliyowezekana kwa viwili inaweza kushindikana kwa vinne. Dawa yake ni kufuta mipangilio ya BIOS, ama kwa kitufe au pini za ubao, ama kwa kutoa ile betri ndogo ya mviringo ya ubao, CR2032, kwa dakika chache umeme ukiwa umechomolewa. Mashine itarudi kwenye kasi ya msingi. Ikiwaka hapo, panda polepole, na ukubali kama haitafika juu. RAM nyingi inayokwenda taratibu inafaa kuliko ya kasi inayokwama.

Tahadhari moja kabla ya kufuta mipangilio hiyo: kama diski imefungwa kwa BitLocker, ile kinga ya Windows inayozuia wengine kusoma faili zako, tafuteni kwanza ufunguo wake wa tarakimu 48. Windows inaweza kuudai baada ya BIOS kubadilika, na asiyekuwa nao hataziona faili zake.

Kuna pia suala la BIOS iliyopitwa na wakati. Vipande vya DDR5 vya GB 24 na GB 48 vilipoingia sokoni mwaka 2023, mbao zilizotangulia zilihitaji BIOS mpya ili zivitambue. Rudisha RAM ya zamani, sasisha, kisha jaribu tena.

La mwisho ni mashine inayowaka, ikafungua Windows, halafu inajizima au kuleta skrini ya bluu. Hii naihofia kuliko ile isiyowaka kabisa, kwa sababu RAM yenye kasoro huharibu data kimyakimya: unahifadhi faili ukidhani ni salama, kumbe imeshachafuka. Usisasishe mfumo wala kunakili nyaraka muhimu ukiwa na shaka hiyo. Washa kwa flashi yenye Memtest86+, programu ya kupima RAM, iache izunguke usiku kucha kwa kasi ya msingi. Kosa hata moja ni kosa. RAM isiyo na kasoro haitoi hata hilo moja. Likitokea, pima kila kipande peke yake kwenye sloti ileile, ili ujue kama ni kipande au ni sloti. Na ukishakipata kibovu, ikiwa kilinunuliwa na mwenzake kwenye boksi moja, virudisheni vyote viwili.