Jiwe la Mjomba na Mabondo ya Sangara

NEEMA: Mwangaluka, Mwanza! Masanja, umekuja nalo?

MASANJA: Hili hapa, kwenye leso. Jumanne nilikwenda kwa sonara mmoja mjini anikadirie jiwe aliloniachia marehemu mjomba, yule mwanaapolo, mchimbaji mdogo wa migodi ya Mererani. Tanzanaiti ghafi, kubwa kama punje ya mahindi. Akalitupia jicho, akasema, "La kahawia hili, nilichome." Koleo tayari mkononi! Nikalinyakua.

NEEMA: Hapo ndipo unaponishangaza, kaka. Tanzanaiti za bluu madukani karibu zote zimechomwa. Nyuzi 500, 600 hivi, kahawia inatoka, bluu inakolea.

MASANJA: Lishike. Lielekeze dirishani.

NEEMA: Kama chai ya rangi.

MASANJA: Ligeuze. Pole pole.

NEEMA: Eh! Zambarau. Na huku… bluu kabisa!

MASANJA: Rangi tatu, dada. Ukilichoma zinabaki mbili. Na hizi nyuso laini hakukata mtu, limezaliwa nazo. Mkusanyaji wa mawe analitaka hivi hivi, ncha haijameguka, moto haujaligusa.

NEEMA: Wakusanyaji wangapi? Wanaovaa pete ni wengi kuliko wao.

MASANJA: Mama yako alikuwa anafanyia nini mabondo ya sangara, ile mifuko ya hewa ya tumboni?

NEEMA: Usimwingize mama.

MASANJA: Sema tu.

NEEMA: Haya. Alipoanza kuuza samaki pale Mwaloni, mabondo alikuwa anawaachia paka. Leo akikumbuka anashika kichwa! Kilo ya bondo kavu inapita mbali kilo ya mnofu. Wachina wanalitaka. Siku hizi samaki akipasuliwa, jicho la kila mtu liko tumboni, na bondo linatolewa kwa vidole viwili kama yai, lisichanike, maana likichanika bei inaanguka.

MASANJA: Basi hilo jiwe ni bondo.

NEEMA: Lakini bondo linakaushwa, Masanja! Bichi linaoza. Umenipa hoja mwenyewe.

MASANJA: Bondo lisipokaushwa linaharibika. Jiwe limekaa chini ya ardhi mamilioni ya miaka na halijaoza.

NEEMA: Hata ardhi inachoma. Yapo machache yanayotoka shimoni yakiwa bluu tayari. Moto wa sonara unamalizia kazi hiyo hiyo.

MASANJA: Na likiwa na ufa ndani? Moto unalipasua. Tanzanaiti si almasi ya Mwadui. Halafu likishachomwa, kahawia hairudi.

NEEMA: Kwani nani anaililia kahawia? Mawe haya yalianza kuchimbwa 1967, Tiffany, wale wauza vito wa Marekani, wakayapa jina mwaka uliofuata, na kilichowavuta ni bluu. Bila moto, Mererani isingejulikana.

MASANJA: Mererani ni mahali pamoja tu duniani, Neema. Likiisha pale, limekwisha. Yaliyobaki kama yalivyotoka shimoni yatakuwa mangapi?

NEEMA: Mimi ningelichoma, nikamvisha mama pete.

MASANJA: Mimi silichomi.

NEEMA: Dakika mbili zimebaki, na tuliahidi kuwafundisha kutofautisha tanzanaiti na kioo, karati, gredi…

MASANJA: Mabondo yamekula muda.

NEEMA: Wiki ijayo, wapenzi wasikilizaji. Masanja, nipe tena niliangalie upande ule wa zambarau.