Kipindi cha Wiki: Kifuniko cha Sufuria

ZUHURA: Haya, tuko hewani. Kombo, kabla hujafungua hiyo karatasi yako...

KOMBO: Mambo matano ya kuangalia kabla ya kununua antena. Leo tunayamaliza yote.

ZUHURA: Iweke kwanza. Juzi Jumanne, habari za saa moja jioni, picha inavunjika kama vigae. Mdomo wa mtangazaji uko huku, tai yake iko kule. Na antena ni mpya, sanduku lake limeandikwa kilomita 300.

KOMBO: Mia tatu! Wewe uko Kitengela. Mnara wa kurushia televisheni wa Limuru uko kaskazini-magharibi yako, kilomita hamsini na kitu. Ukiunyoosha mstari huo huo hadi 300 unatokea Eldoret.

ZUHURA: Basi napata na habari za Eldoret.

KOMBO: Dunia ina mviringo, bibi. Mawimbi ya UHF, haya yanayobeba televisheni, hayapindi kufuata kilima. Sandukuni tafuta namba mbili tu: masafa, yaani megahazi za mawimbi inayonasa, na dB, kipimo cha nguvu ya mawimbi inavyoongezeka au kupungua. Televisheni ya kidijitali sasa inakaa kati ya megahazi 470 na 694, chaneli ya 21 hadi 48. Antena nyingi za Yagi madukani, zile za nondo nyingi kwenye bomba moja, bado zimekatwa kwa chaneli ya 21 hadi 69, za enzi ya analogi, na aina hiyo hunasa vizuri zaidi juu, karibu na 800, mahali ambapo siku hizi hakuna televisheni. Kuna simu.

ZUHURA: Tutafika kwenye simu. Sikiliza kwanza. Jirani yangu, mlango wa pili, hana antena. Ana kifuniko cha sufuria dirishani. Na picha yake imetulia tuli!

[KICHEKO]

KOMBO: Kikubwa kiasi gani?

ZUHURA: Mimi nakuuliza televisheni, wewe unauliza sufuria.

KOMBO: Kipimo ndicho jibu. Kina upana gani?

ZUHURA: Cha sufuria ya wali wa watu wanne. Sentimita 25 hivi.

KOMBO: Lo! Chukua 300, gawa kwa masafa kwa megahazi, unapata urefu wa wimbi kwa mita. Megahazi 600: nusu mita. Nusu ya wimbi ni sentimita 25. Jirani yako amepika antena bila kujua.

ZUHURA: Kwa hiyo anayepikia watu kumi anapata chaneli za chini.

KOMBO: Chaneli ya 21 ni megahazi 474, nusu wimbi lake ni sentimita 31 na ushei. Ya 48 ni 690, unashuka hadi karibu 22. Kila chaneli unaongeza megahazi 8. Kwa hiyo utani wako una ukweli ndani yake.

ZUHURA: Na kwa nini kinafanya kazi ukikifunga na waya mmoja tu wa katikati?

KOMBO: Hapo ndipo kinapomdanganya. Antena ya kawaida ina mikono miwili, mmoja kwa waya wa katikati wa kebo, mwingine kwa wavu wa nje. Kifuniko kimoja ni mkono mmoja. Mkono wa pili unakuwa kebo yenyewe, kwa nje, mpaka nyuma ya televisheni. Sasa kebo yote ni antena. Mtoto akipita, picha inakatika. Ukiwasha blenda, inakatika.

ZUHURA: Kweli, huwa anawaambia watoto wakae chini wakati wa mechi!

KOMBO: Umeona? Mpe dawa: vifuniko viwili vya birika, vya sentimita 12 hivi, ubavu kwa ubavu, visigusane, nafasi ya sentimita moja katikati. Kimoja waya wa ndani, kimoja wavu. Vyuma vya dirisha viwe mbali.

ZUHURA: Na chai atachemshia nini?

KOMBO: Nyuma yake aweke sinia, sentimita 12 au 13 kutoka kwenye vifuniko. Sinia inarudisha mawimbi mbele.

ZUHURA: Kombo, huyu mama umemmalizia jiko lote.

[KICHEKO]

KOMBO: Ile antena ya dukani yenye mabawa kama vipepeo mbele ya wavu wa chuma ni hicho hicho. Sinia na vifuniko.

ZUHURA: Sasa rudi kwangu. Mimi sina sufuria dirishani. Nina Yagi, busta ya kukuza mawimbi kwenye mlingoti, kebo mita 20, splita ya kuyagawa njia nne, kwa sababu ploti ni vyumba vinne. Na inavunjika jioni tu.

KOMBO: Kwenye king'amuzi, nguvu inasoma ngapi? Ubora?

ZUHURA: Nguvu 90. Ubora unaruka, 20, 60, 30.

KOMBO: Busta imeshiba. Nguvu nyingi, ubora chini, hiyo ndiyo dalili. Kuna mnara wa simu karibu?

ZUHURA: Mita mia mbili.

KOMBO: Ee! Simu za 4G ziko megahazi 700 na 800, ukuta kwa ukuta na masafa ya televisheni. Busta yako haijui nani ni nani, inakuza yote. Jioni watu wamerudi, mnara unafanya kazi kwa nguvu zake zote, busta inalemewa, inaanza kuzalisha uchafu juu ya chaneli zako. Itoe.

ZUHURA: Siitoi. Piga hesabu. Kebo yangu, aina ya RG6, inakula dB 3 na nusu mpaka 4 kwa mita 20. Splita ya njia nne inakula 7 au 8. Nimepoteza 11 au 12 kabla ya kufika sebuleni. Ukipoteza 10 umebakiwa na sehemu moja ya kumi!

KOMBO: Ya kumi ya kitu kikubwa si haba. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, wewe uko chini kwenye tambarare, mnaonana. Nunua antena ya logi, ile yenye nondo zinazopungua kama mgongo wa samaki, iliyokatwa kwa 470 hadi 694. Iinue mita moja au mbili juu ya mabati. Busta ya nini?

ZUHURA: Mwenye nyumba hataki mlingoti mrefu. Na busta iko juu, pembeni ya antena, ndipo inapofaa, inakuza kabla kebo haijala. Ungeniambia iko nyuma ya televisheni ningekubali, pale inakuza mawimbi yaliyokwisha choka pamoja na kelele zao. Shida yangu ni umeme. Jioni volti zinashuka, adapta ya busta haitoi 12 kamili, busta inalegea. Ndiyo maana ni jioni!

KOMBO: Ingekuwa imelegea, nguvu isingesoma 90.

ZUHURA: Ile namba ya king'amuzi inapima kila kitu kinachoingia, mawimbi na kelele pamoja. Usiitegemee.

KOMBO: Ndiyo hoja yangu!

ZUHURA: Ni yangu pia!

KOMBO: Jaribio ni dogo. Saa moja jioni panda, toa busta, unganisha kebo moja kwa moja kwa kiungo cha F, kile cha kuunga ncha mbili za kebo, acha televisheni moja tu bila splita. Lakini kwanza uchomoe adapta, na kwenye menyu ya king'amuzi uzime umeme wa antena, ule unaopanda kwenye kebo, maana antena nyingi bila busta ni shoti kwa umeme ule.

ZUHURA: Na vyumba vitatu vikose habari? Nipimie wewe volti za adapta kwanza.

KOMBO: Mimi ninunue mita kwa ajili ya adapta ya shilingi mia mbili?

ZUHURA: Basi niwekee kichujio cha 4G, cha kuzuia mawimbi ya simu, mbele ya busta, upande wa antena, gharama yako.

KOMBO: Mbele, si nyuma. Hapo tu ndipo tunapokubaliana.

ZUHURA: Busta inabaki.

KOMBO: Sawa, na vigae vinabaki. Nisome orodha? Tuna dakika ngapi?

ZUHURA: Mbili.

KOMBO: Tumefika namba... hatujaanza. Basi niseme la konekta, ndilo linaloua antena nzuri. Konekta ya F, ile ya kufungia mwisho wa kebo, unavua plastiki, unarudisha wavu nyuma wote. Unywele mmoja ukigusa waya wa katikati, umekwisha. Waya wa katikati utokeze milimita mbili nje ya konekta, usizidi sana.

ZUHURA: Na mvua.

KOMBO: Na mvua. Kabla kebo haijaingia ukutani iachie kitanzi kishuke chini, maji yadondoke pale. Maji yakiingia kwenye kebo hayatoki, unabadilisha kebo.

ZUHURA: Na mwelekeo? Nondo zilale au zisimame?

KOMBO: Tazama antena za majirani, fuata. Ukikosea unapoteza mawimbi mengi kuliko ya splita yako. Halafu usizungushe haraka, ubora unachelewa kusoma, ngoja sekunde tano kila...

ZUHURA: Dakika imekwisha, wanatutoa studio. Jirani yangu akinisikia, mama, usitoboe sinia bado.

KOMBO: Sinia haitobolewi, inafungwa kwa kamba! Zuhura, mwambie vifuniko visiguse...

[MWISHO WA KUREKODI]